Uhaba Alipokuja Kukaa kwa Bibi

Ninyi mliovaa sare za shule zilizoshonwa kubwa makusudi, mkaambiwa "mtakua humo humo", ndio ninaowaandikia. Mnakumbuka jinsi sketi ilivyofungwa kiunoni kwa pini, na jinsi siku ilipokutosha sawasawa ilivyokuwa imekwisha pauka, imechanika upindo, na imeahidiwa mdogo wako. Sisi wa Bigwa, pale chini kabisa mlima unapoanza, tulikulia katika kipimo hicho. Kila kitu ama kilikuwa kikubwa mno, ama kilikuwa kimebaki kidogo. Kilichotosha hatukukijua sana.

Tulicheza rede kwa mpira wa soksi kuukuu iliyojazwa matambara. Tulicheza kombolela mpaka giza likatufanya tushindwe kumtofautisha mwenzetu na mgomba, na zaidi ya mara moja nimewahi kuuita mgomba kwa jina la mtu. Watoto wetu wa leo hucheza wakiwa wamelala chali, na katika mwili mzima ni vidole gumba viwili tu vinavyopata mazoezi. Siwalaumu. Nawaonea tu huruma, maana hawatajua utamu wa kurudi nyumbani na goti lililochubuka na uongo uliokwisha tungwa njiani.

Likizo ilipofika, mama alitupandisha mimi na binamu yangu Shabani kwenye lori la ndizi lililokuwa likirudi tupu kutoka sokoni, likatushusha Mkuyuni. Kutoka hapo tulipanda mlima kwa miguu hadi kwa bibi, mzaa mama. Njia ilikuwa nyembamba, na kila aliyeshuka na mkungu kichwani alikuwa mkubwa wetu, hivyo tulitoa shikamoo mfululizo kama watu wanaolipa ushuru wa njia. Ukimpita mzee mmoja bila kumwamkia, habari zako zilimfikia bibi kabla yako. Simu hazikuwapo, lakini mlima ulikuwa unasikia.

Nyumba ya bibi ilikaa kwenye bega la kilima, imezungukwa na migomba na minanasi. Jiko lilikuwa kibanda cha peke yake uani, dari yake nyeusi kwa moshi wa miaka, na mahindi ya mbegu yakining'inia humo kama popo waliolala. Tulikula mafenesi mpaka ulimbo ukagandisha vidole vyetu, tukasuguliwa kwa mafuta huku tukikemewa. Nyumba ile, shamba lile, hata migomba, vyote vilikuwa vya ukoo wa bibi, kwa maana kwetu Waluguru mtoto huhesabiwa upande wa mama, na ardhi hufuata huko huko. Jambo hili lishikeni, kwa sababu ndilo lililokitia moto kisa chenyewe.

Jikoni mwa bibi kulikuwa na sheria moja isiyokuwa na mjadala. Hukuruhusiwa kusema kitu kimekwisha. Hukuruhusiwa kusema hakuna. Na neno uhaba, ambalo sisi wa mjini tulilisikia redioni kila siku, uhaba wa sukari, uhaba wa mafuta ya taa, uhaba wa vipuri, hilo halikutakiwa hata kuvuka kizingiti. Chumvi ikimalizika, ulisema chumvi imelala. Unga umelala. Mtungi umelala. Wala hapakuwa na chombo kilichokombwa hadi mwisho. Ilikuwa lazima punje chache zibaki kwenye kibuyu na tone la maji libaki mtungini, "ili vikiamka visijikute peke yavyo," bibi alisema, kwa sauti ya mtu anayeeleza namna ya kuanika mpunga.

Siku moja Shabani, ambaye tumbo lake lilikuwa na maswali mengi kuliko kichwa chake, alimuuliza sababu.

"Kinachoitwa huitika," bibi alimjibu. "Wewe ukiitwa, huji?"

"Naja nikiitwa kula, bibi."

"Basi na yeye huja akiitwa kula."

Hatukuuliza yeye ni nani. Kulikuwa na baridi ya ghafla katika namna alivyolitamka neno lile, na nakumbuka kwamba tuliondoka jikoni tukitembea kinyumenyume.

Miaka mingi baadaye, chuo kikuu, mhadhiri wetu alitutenganishia maneno ambayo watu wengi huyachanganya. Ukosefu, alisema, ni pale kitu kisipokuwepo. Upungufu ni pale kilipokuwepo, kikashuka chini ya kipimo chake. Uhaba ni pale kitu kipo, lakini hakiwatoshi wanaokihitaji. Niliandika yote, na katika mtihani nilifaulu. Lakini kalamu ilipokuwa inakwenda, mawazo yangu yalikuwa yamepanda mlima. Ikiwa ni hivyo, nilijiambia, uhaba hauwezi kuwapo pasipo watu. Chemchemi ikinywea msituni asipoishi mtu, huo ni upungufu tu. Uhaba huanza pale mikono inapozidi sahani. Kisha nikawaza jambo ambalo sikuthubutu kumuuliza mhadhiri: mikono ikizidi sahani, ule mkono wa ziada ni wa nani?

Mwaka ninaotaka kuusimulia, mvua za vuli hazikuja. Uliokuja ni ukungu. Kila alasiri ulishuka kutoka msituni, ukajaza mabonde, ukapapasa majani ya migomba kama kipofu anayetafuta mlango, kisha ukarudi ulikotoka bila kuacha tone. Kijito kilichokuwa kikitulazimisha kupaza sauti tulipochota maji, sasa kilinong'ona. Mihogo ilichimbwa ikiwa michanga. Wakubwa walianza kula wakiwa wamesimama, ili tusione ni kidogo kiasi gani wanachokula.

Katika mwaka huo Mama Mdogo Zena, kitinda mimba wa bibi, alijifungua mtoto wa kiume. Walimwita Salumu, jina la babu yake wa kuumeni. Mume wa Mama Mdogo alikuwa kibarua mbali, kwenye mashamba ya miwa, kwa hiyo arobaini yake aliikalia kwa mama yake, katika chumba ambacho mlango wake ulitazamana na mlango wa jiko. Mtoto alizaliwa mzima. Lakini maziwa hayakuja. Bibi alisema yamelala. Alimkanda binti yake kwa maji ya moto, alimpikia mlenda, alimnywesha maji ya majani niliyoyajua kwa harufu tu, na maziwa yakaendelea kulala. Mtoto alilia kwanza kwa sauti, kisha kwa pumzi. Mliowahi kusikia mtoto anayelia kwa pumzi mnajua kwamba makelele ni afadhali.

Ndipo alipopanda mlima Shangazi Mwajuma. Alikuwa dada wa baba yake Salumu, muuza vitenge mjini Morogoro, mwanamke mkarimu mwenye sauti iliyotangulia mwili wake. Alikuja na sabuni, sukari kidogo na khanga mpya.

"Hodi wenyewe! Haya, yuko wapi baba yangu?" alisema, maana mtoto alibeba jina la baba yake.

Alimpokea mtoto mikononi. Uso wake, uliokuwa umejaa kicheko, ulijifunga. Alimpima kwa kumnyanyua, mara moja, mara ya pili, kama mtu anayeshuku mizani. Akamrudisha kwa mama yake. Kisha akafanya jambo ambalo mkwe halifanyi katika jiko la mkwe wake: akaingia, akafunua chungu, akafunua na kibuyu cha unga.

"Mama, mbona humu hakuna kitu?"

"Vimelala," bibi alisema polepole.

"Vimelala vimejifunika nini?" Shangazi alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Mama yangu, tuseme ukweli. Humu mna uhaba. Uhaba wa unga, uhaba wa chumvi, na yule binti yako ana uhaba wa maziwa. Uhaba mtupu!"

Kila alipolitaja neno, Shabani alinifinya mkono. Kuku waliokuwa wakiparua mlangoni waliacha kuparua. Bibi hakukasirika. Alitazama juu ya bega la Shangazi, kule mlangoni, kama mwenyeji anayetaka kuona mgeni wake amefuatana na nani.

"Karibu," alisema.

Shangazi alidhani anaambiwa yeye. "Nimeshakaribia, mama. Na ninakuambia mbele ya watoto hawa: Ijumaa narudi. Nikimkuta baba yangu yuko hivi hivi, nashuka naye mjini. Dukani kuna maziwa ya kopo."

"Mtoto ni wa ukoo huu, mwanangu. Hashuki."

"Mtoto wa ukoo ni yule aliye hai, mama."

Kutoka chumbani Mama Mdogo alikuwa amesikia kila neno. Hakulia. Alimfunika mtoto kwa khanga ile mpya, bei ya duka bado imebandikwa pembeni, akamkumbatia kana kwamba Ijumaa ilikuwa imekwisha fika.

Shangazi alipoteremka, bibi alitandika mkeka jikoni, mkeka mzuri, ule wa Idd. Aliutandika ukielekea mlango. Akatuita mimi na Shabani.

"Ameitwa, amekuja," alisema. "Mgeni hafukuzwi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sasa pitieni majirani. Mwambieni kila mmoja: bibi anakusalimu, nyumbani kuna mgeni. Basi. Msiongeze neno."

Tulikwenda. Jirani wa kwanza, mzee Kibwana, alikuwa akipukuchua maharage barazani. Tulipotoa ujumbe, mkono wake ulisimama.

"Mgeni gani?"

"Mgeni tu, babu."

"Nani kamkaribisha?"

"Shangazi wa mjini."

Alivuta pumzi ndefu. "Watu wa mjini hawa, midomo yao haina komeo." Kisha akachota maharage, na sote tuliona kwamba hayakuwa mengi, akayamimina kwenye shati la Shabani. Ikawa hivyo kila nyumba. Huku karanga, huku muhogo mkavu, huku chane ya ndizi mbichi. Walitoa bila kusitasita, kama watu wanaozima moto wa jirani. Lakini nililiona jambo lililonitisha kuliko njaa. Hakuna hata mmoja aliyetusindikiza hadi kwa bibi, ingawa kumsindikiza mtoto aliyebeba mzigo ilikuwa ada. Walituacha pale njia inapopinda, wakageuka upesi.

Alasiri ile bibi alipika. Alipakua sahani ya kwanza, akaijaza, ugali na maharage, akaiweka mkekani, akaifunika kwa kawa. "Mgeni hula kwanza," alisema. Alituketisha uani, migongo yetu ikielekea jiko, na ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Tulikaa hapo tukisikiliza. Sitawaambia kwamba tulisikia kutafuna. Hatukusikia kitu, na hicho ndicho nilichokihofia, kwa sababu jiko lolote lenye chakula lina sauti: kuni, panya, inzi. Jiko lile lilikuwa kimya kama sikio. Baadaye bibi aliingia, nasi tukachungulia mlangoni. Alifunua kawa. Sahani ilikuwa nyeupe, safi, kana kwamba imerambwa na ulimi usio na haraka. Kwenye mkeka, mbele ya sahani, palikuwa na bonde dogo la mtu aliyeketi. Halikunyanyuka mpaka tulipomaliza kula.

Nilimtazama Shabani. Shabani alinitazama mimi. Kila mmoja wetu alikuwa ameketi na mwenzake muda wote.

Uji wa karanga ulipelekwa chumbani kwa Mama Mdogo, bakuli baada ya bakuli. Siku iliyofuata, mgeni alipokwisha pakuliwa tena, nilikaa mlangoni kwa Mama Mdogo nikipunga inzi. Mtoto alikuwa begani kwa mama yake, ameacha hata kulia kwa pumzi. Ghafla akainua kichwa, kichwa ambacho shingo changa kama ile haina nguvu ya kukiinua, akatazama ng'ambo ya ua, mlango wa jiko. Akatabasamu. Mama Mdogo akamgeuza upande wa pili. Mtoto akageuka, akatazama kule kule, akatabasamu tena, taratibu, kama anayejibu salamu.

"Mama," Mama Mdogo aliita. "Njoo umwone. Anacheka na nani?"

Bibi alikuja, akasimama kati ya mtoto na jiko, akapanua khanga yake kwa mikono miwili kama pazia. "Hacheki na mtu," alisema. "Mnyonyeshe."

"Yamelala, mama."

"Mnyonyeshe hivyo hivyo. Kesho ni siku ya jembe."

Kesho yake ukungu haukungoja alasiri. Ulikuwapo tulipoamka, mzito, na migomba iliyokuwa hatua chache tu kutoka mlangoni ilionekana kama watu waliosimama bila kuamua kuingia. Bibi alichukua jembe lake mwenyewe, akasimama mbele ya mkeka mtupu. Aliongea kwa adabu, kama mtu anayeongea na mkubwa aliyekaa sana.

"Mgeni wetu, umekula na umelala. Hatukukunyima. Lakini kwetu hakuna anayekaa bure, hata mwenye nyumba. Jembe hili hapa. Twende nikuoneshe pa kulima."

Akatoka. Tulimfuata, na alitukataza kugeuka. Tuliteremka, kisha tukapanda hadi mpaka wa juu wa shamba la ukoo, pale ardhi ya watu inapokoma na msitu unapoanza. Nyuma yetu majani makavu yalivunjika. Nilijiambia ni Shabani. Shabani alikuwa mbele yangu. Bibi alilaza jembe chini, mpini ukitazama kwetu na ncha ikitazama msitu, akasema, "Lima kwenda huko. Huku kumelimwa." Tukarudi nyumbani kwa njia nyingine.

Hatukuwa tumefika mbali tulipoisikia sauti. Kila mtoto wa mlimani anaijua: jembe likiingia katika udongo mkavu. Pu. Pu. Pu. Haikuharakisha wala haikupumzika. Ndani ya ukungu hukuweza kusema inatoka wapi, ila ilikuwa inakwenda juu. Bibi aliendelea kutembea, na midomo yake ilikuwa inasoma dua.

Tulipoingia uani, tulikuta sauti nyingine. Nayo ilikuwa ndogo, ya maji maji, na mwanzoni hatukuijua kwa sababu katika nyumba ile haikuwahi kusikika. Ilikuwa sauti ya mtoto anayemeza. Mama Mdogo alikuwa ameketi kitandani, mbele ya nguo yake pamelowa, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, na hakuthubutu kutikisika asije akayakatisha maziwa. Bibi aliegemea mwimo wa mlango, akateleza taratibu mpaka akakaa chini. Ndipo nilipogundua kwamba bibi alikuwa mzee.

Tulilifuata jembe ukungu ulipoinuka. Kuanzia pale lilipolazwa palikuwa na tuta moja, limenyooka, likipanda kuelekea msituni na kupotelea chini ya miti. Udongo ulikuwa mbichi. Pembeni mwake hapakuwa na unyayo. Jembe lilisimama mwanzoni mwa tuta, kama lililorudishwa na mtu mwenye adabu, na mpini wake, uliokuwa ukikwaruza tangu niufahamu, ulikuwa laini, unang'aa.

Ijumaa Shangazi Mwajuma alikuja na kapu la kumbebea mtoto. Alimkuta Salumu amelala kwa shibe, tone la maziwa limekauka shavuni. Aliliweka kapu chini, akakaa kando yake, na kwa mara ya kwanza nilijua kwamba mwanamke yule alikuwa ameogopa kama sisi. Alimshika bibi mkono.

"Nisamehe, mama. Mdomo wangu ulikuwa wa hofu."

"Najua, mwanangu. Njoo ule. Na safari hii chungu nitafunua mimi."

Hicho ndicho kisa. Nami, baada ya kusoma kwangu kote, nilijitengenezea maelezo yake na kwa miaka niliishi nayo kwa raha. "Kuna mgeni" ilikuwa njia ya watu wenye staha kuwaambia majirani kwamba wamepungukiwa, bila kujidhalilisha. Karanga za majirani ndizo zilizoleta maziwa. Tuta lililimwa na kijana fulani, kwa maelewano ya wazee. Na sahani, bila shaka, ilikuwa ya Mama Mdogo, ambaye angeona haya kushiba mbele ya watoto wenye njaa, hivyo bibi akatuelekeza migongo na kumpelekea kwa siri. Nilikuwa nikiyaeleza haya mbele ya wenzangu kazini, nao walikuwa wakitikisa vichwa kwa kupendezwa na hekima ya kale.

Idd iliyopita tulikutana kwangu Bigwa. Bibi alikwisha tangulia mbele ya haki zamani. Mama Mdogo alikuwapo, mvi zake zimepakwa hina, na Salumu, ambaye sasa ni baba wa watu na akiingia mlangoni huinama, alikuwa ameleta mananasi. Shabani naye alikuwapo, mnene, mwenye duka, mzaha wake ule ule. Nikayatoa maelezo yangu. Mama Mdogo alinisikiliza hadi mwisho.

"Uji nilikunywa," alisema. "Lakini sahani gani, mwanangu? Nilikuwa kwenye arobaini, mguu wangu haukuvuka ua ule, na mama hakuniletea chochote chenye maharage, alisema yatamtia mtoto gesi. Mimi nilidhani mnakula ninyi."

Sote tukamgeukia Shabani, tukicheka. Nani mwingine?

Shabani hakucheka. Aliuweka mfupa aliokuwa akiutafuna ukingoni mwa sahani. "Nilionja," alisema. "Siku ya pili, wakati bibi yuko na mtoto. Nilifunua kawa. Sahani ilikuwa imejaa, moshi bado unatoka. Nikatia tonge moja mdomoni."

"Ikawaje?" Salumu aliuliza.

"Halikuwa na ladha. Sisemi chumvi ilikuwa ndogo, hapana. Halikuwa na ladha kabisa, wala ya unga. Ni kama kutafuna kitu ambacho mtu mwingine ameshakila. Kipo mdomoni, lakini kimekwisha liwa." Akafuta vidole vyake kimoja kimoja. "Nikatema, nikafunika, nikatoka. Ndiyo maana toka siku ile nakula sana, mnanicheka. Huwa nahakikisha."

Salumu alisogeza kiti chake karibu na mama yake, mtu mzima yule, bila kujua kwamba anakisogeza.

Leo lile neno la bibi linatajwa bila hata kushusha sauti. Uhaba wa maji, uhaba wa dawa, uhaba wa ajira, tunalisikia asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya taarifa ya michezo, na vijana wetu hulitumia hata kwa bando la simu. Linaitwa nyumba kwa nyumba, na hakuna anayetandika mkeka, wala jirani wa kupelekewa salamu, maana jirani mwenyewe tunamjua kwa rangi ya geti lake. Enzi zile tulikuwa na kidogo, lakini kilipoliwa tulijua kimeliwa na nani, na tulijua mlaji aketi wapi na aondoke lini.

Juzi, mchana kweupe, binti yangu alifungua friji. Alisimama mbele yake mlango ukiwa wazi, simu mkononi, baridi ikimtiririkia miguuni.

"Mama, humu hakuna kitu."

Nilikwenda nikasimama kando yake. Kulikuwa na mayai, kulikuwa na maziwa, nyama, maembe yaliyomenywa, wali wa jana katika bakuli lake. Nilimwonyesha kimoja kimoja, kwa ile sauti yetu ya akina mama waliokulia katika sare kubwa, na nilikuwa tayari kumhutubia kuhusu njaa.

"Vipo, mama, naona," alisema bila kuinua macho. "Ila siku hizi vyote havina ladha."

Nilibaki pale nimeshika mlango, nikivitazama vyakula vyetu vizima, vimepangwa vizuri, nikijiuliza ni nani aliyekula kabla yetu.